Mnyonya Damu wa Mbau

Palma, 9 Februari

Kwa binamu yangu Haula,

Assalaam alaykum. Mama anawasalimu nyote, na anamwuliza mjomba Cassamo kama lile koti la mvua lilimtosha. Nimetanguliza salamu ili usiseme tena kwamba barua zangu zinaanza na wanyonya damu.

Sasa, sehemu ya sita ya katuni yetu ya Kijapani. Niliitazama jana mchana nyuma ya duka la kina Dulla, kwenye simu yake, tumejifunika kanga ya mama yake ili jua lisitunyime picha. Dulla alitaka kuruka wimbo wa mwanzo. Nilimkataza kwa ajili yako.

Unakumbuka tulipoishia: Tomiko, yule mwanafunzi wa mji wa milimani wenye theluji, ameshagundua kwamba mgeni mwenye koti jeusi hana kivuli. Katika sehemu hii mgeni anakwenda kwa bibi yake Tomiko. Anasimama mlangoni, theluji inamwangukia mabegani wala haiyeyuki. Lazima akaribishwe, maana sheria yao ni hiyo, hawezi kuvuka kizingiti bila mwenye nyumba kusema ndiyo. Ukadhani ataonyesha meno, lakini hapana. Picha inahamia kwenye kikombe cha chai cha bibi. Kinatoa moshi. Hakuna muziki. Moshi unapungua, unapungua, mpaka chai imepoa kabisa, ndipo tunasikia sauti ya bibi, kwa kile Kireno cha Kibrazili kinachokuchekesha: "Ingia, mwanangu, kuna baridi." Basi. Imekwisha. Sikuona damu hata tone, na Dulla alinishika mkono akasahau kuniachia.

Nimekuwa nikiwaza kuhusu sheria ile. Kwetu isingemzuia mtu. Ukipigiwa hodi unaitikia karibu huku unamenya muhogo, hata hujageuka. Yule bwana angemaliza mtaa wetu wote kabla ya adhuhuri.

Na jambo jingine. Mnyonya damu wao anakunywa kwa sababu ana njaa na yuko peke yake, kwa hiyo mtu anamwonea huruma. Wa kwetu, yule tuliyetishwa naye utotoni, hana njaa. Anachukua damu akauze. Ana gari, ana kazi, pengine ana ofisi. Sijui kwa nini sisi tumemfikiria hivyo na Wajapani vile. Nikimwuliza mwalimu wa historia darasa zima litanigeukia, kwa hiyo nakuuliza wewe.

Ni mimi,
Sadallah


Pundanhar, 21 Februari

Sadallah msemaji mkuu,

Waalaykum salaam. Katika karatasi moja umesema maneno mengi kuliko yote niliyoyasikia kinywani mwako tangu tuzaliwe. Ungekuwa unazungumza hivi darasani, wangekufanya mkuu wa wilaya.

Koti lilimtosha baba, ila mvua za huku zinaingia hata chini ya koti. Mnara wa simu umekufa tena, na barabara usiulize. Yuran, anayebeba barua zetu na chumvi ya watu, anasema pikipiki yake sasa inajua kuogelea. Shule hapa inaishia darasa nililokwisha kulimaliza, kwa hiyo namsaidia mama shambani na baba kwenye kazi yake. Ukinionea huruma nitakuja Palma kwa miguu nikupige.

Uliwahi kuniuliza kazi ya baba ikoje. Watu wanamwita enfermeiro ingawa yeye si muuguzi, ni msaidizi wa afya wa kijiji tu, na hawachoki kumwita hivyo wala yeye hachoki kukana. Mwenye homa anakuja barazani. Baba anamfuta kidole, anamtoboa kwa kisindano kidogo, anachukua tone moja la damu, analiweka kwenye kipimo cheupe kama kipande cha sabuni. Tunasubiri. Mstari mmoja, huna malaria. Miwili, unayo, unapewa vidonge. Kisindano kilichotumika kinatumbukizwa kwenye kisanduku cha njano kisichofunguka, na kikijaa Yuran anakipeleka Palma kichomwe. Baba anasema yule aliyekuwa hapa kabla yake alivitupa nyuma ya choo, watoto wakavichezea.

Kuhusu swali lako: labda Wajapani wanaogopa upweke, na sisi tunaogopa kuibiwa. Nimekujibu bila kugeukiwa na darasa. Lete sehemu ya saba haraka. Sehemu ya sita nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea.

Binamu yako asiye na haya,
Haula


Palma, 4 Machi

Kwa binamu yangu Haula,

Assalaam alaykum. Nimesoma jibu lako kuhusu upweke na kuibiwa, nikatoka nje kutembea kidogo.

Sehemu ya saba ni nzuri kuliko zote. Itakushangaza, maana yule mwenye koti jeusi haonekani kabisa. Anakuja daktari mpya mjini. Ni mpole, anavaa koti jeupe, watoto wanamfuata. Kila mwenye homa anakwenda kwake. Anamfuta kidole, anamtoboa, anachukua tone moja tu. Hakuna anayeumia, hakuna shingo inayoguswa. Tone linatiwa kwenye kisanduku cha njano, na rangi hiyo ndiyo rangi pekee kwenye picha; vilivyobaki vyote ni kijivu cha theluji.

Baada ya hapo kila aliyetobolewa anaanza kusahau majina. Leo la jirani, kesho la ndugu. Kuna mama mmoja anasimama uani na mtoto mgongoni, anataka kumbembeleza, mdomo umefunguka, na jina haliji. Picha inabaki kwenye mdomo ule muda mrefu.

Mwishoni Tomiko anachungulia dirishani kwa daktari. Daktari ameyapanga matone mezani kama mtu anayepanga shanga, na kila tone analiita kwa jina. Huyo ni mnyonya damu asiyehitaji kukaribishwa, kwa sababu watu wanakwenda kwake wenyewe.

Sehemu ya nane nitakuandikia wiki hii hii. Naomba usiache kujibu.

Ni mimi,
Sadallah


Pundanhar, 17 Machi

Binamu,

Sehemu ya saba na ya nane zimefika pamoja, na leo sina utani mwingi.

Kuna jambo sikukwambia. Huku barua haisomwi chumbani. Yuran akifika anapiga honi, watu wanakusanyika uani kwa Bibi Somoe, jirani yetu, ambaye uani kwake ndipo panapotosha watu wote. Mwenye kupata barua anaisoma hapo kwa sauti. Barua ni habari, na habari kutoka Palma ni ya kila mtu: nani amekufa, unga umepanda kiasi gani, barabara ipi ina askari, wapi pametulia. Mtu akificha barua watasema ana aibu ndani yake. Mimi nilipopata yako ya kwanza ningefanya nini? Nilisoma. Na walipenda, Sadallah! Bibi Somoe alisahau chungu motoni. Wakawa wananiuliza Yuran atarudi lini, na walikuwa hawaulizii chumvi.

Ila theluji hawakuielewa, nikaifanya ukungu. Jina la Tomiko liliwashinda kutamka, nikasema binti mmoja. Mji wa milimani nikauita Mbau, kwa sababu wote wanajua Mbau iko wapi na hakuna aliye na ndugu huko. Nilidhani ni kama kuongeza nazi kwenye mchuzi.

Sasa wanasema Mbau kuna daktari anayechukua damu kwa tone, watu wanasahau majina. Imeandikwa, wanasema, imekuja kwa barua, imesomwa na mtoto wa enfermeiro mwenyewe. Jana Zaida, yule dada anayeniazima jembe, alikuja na mwanawe ana homa. Baba alipotoa kisindano, akamvuta mtoto nyuma. Akaniangalia mimi, si baba. "Haula, kisanduku chenu ni cha rangi gani kile?" Kana kwamba hajakiona kila siku.

Mtoto bado ana homa. Baba hajui lolote. Ananiuliza tu, "Mbona leo hakuna watu?"

Nijibu upesi. Hayo mambo ya kisanduku yako kweli kwenye katuni? Wajapani nao wana kisanduku cha njano?

Haula


Palma, 24 Machi

Haula,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Hii nampa Yuran kabla sijaisoma tena.

Hakuna sehemu ya saba. Maana yake ipo, lakini sijaiona. Siku ileile tulipotazama ya sita, kadi ya Dulla ilikufa. Simu inasema ni tupu. Niliuliza kila mtu ninayeweza kumwuliza, na wewe unajua hao si wengi. Ya saba na ya nane nimezitunga mimi. Daktari ni wangu. Kisanduku ni chenu, nilikichukua kwenye barua yako kwa sababu ulikieleza vizuri nikakiona.

Niliogopa kwamba bila sehemu mpya hungekuwa na sababu ya kuniandikia.

Nilimwomba mama ruhusa nije na Yuran niwaeleze watu mwenyewe. Hakuniacha hata nimalize. Alisema barabara ile si ya kwenda kueleza katuni. Sikumwambia yote.

Niambie nifanye nini. Lolote.

Sadallah


Pundanhar, 31 Machi

Sadallah,

Barua yako sikuisoma uani. Nilisema ni ya mambo ya wasichana kutoka kwa shangazi, na Bibi Somoe akanitazama mpaka nikainama.

Nilikukasirikia siku nzima. Nilikuwa navunja kuni nikikutukana kwa kila kuni. Halafu nikafika mahali pa Mbau na ukungu, na hayo ni yangu mimi, kuni zikaisha.

Kwa hiyo sikiliza. Wazee watatu walikuja kumwambia baba kwa adabu kwamba Ijumaa baada ya swala watarudi, na wangependa wakute ameshafunga mizigo. Walikunywa hata maji tuliyowapa. Vijana hawana adabu hiyo, wanapita wakilipiga bati letu kwa vijiti wakiita, "Enfermeiro, mimi naitwa nani?" kisha wanakimbia. Baba anacheka, ila anacheka vibaya. Amekonda. Anatetemeka kwa hasira, au ndivyo ninavyodhani. Hataki kuondoka. Anasema mvua hizi ndizo za malaria, akiondoka sasa watazika watoto.

Mwana wa Zaida hali chakula.

Andika barua kwa watu wa uani. Si kwangu, kwao. Sema ukweli wote. Mimi hawataniamini nikiisoma, kwa hiyo itasomwa na Mwalimu Jamaldine wa madrasa. Iwe fupi. Usiweke moshi wa chai.

Haula


Palma, 2 Aprili

Kwa wazee, wazazi na watu wote wa uani kwa Bibi Somoe, Pundanhar

Assalaam alaykum warahmatullah.

Jina langu ni Sadallah, mwanafunzi wa darasa la kumi hapa Palma. Mama yangu ni dada yake Cassamo, msaidizi wenu wa afya.

Habari mliyosomewa ya daktari anayechukua damu kwa tone si habari. Ni hadithi. Mwanzo wake ni picha za kuchorwa kutoka Japani, na mwisho wake nimeutunga mimi nikiwa nimekaa kitandani. Mbau hakuna daktari kama huyo. Hakuna aliyesahau jina. Kisanduku cha njano nilikitia kwa sababu binamu yangu aliniandikia kuhusu kazi ya baba yake, nami nikachukua kazi nzuri nikaigeuza ya kutisha.

Kama kuna wa kulaumiwa ni mimi. Naomba mumpe mjomba wangu vidole vya watoto wenu.

Ni mimi,
Sadallah


Pundanhar, 9 Aprili

Binamu yangu,

Tuko wazima, au tuseme tuko hai. Kaa chini usome taratibu.

Barua yako ilifika Alhamisi. Mwalimu Jamaldine aliisoma kwa sauti ileile anayosomea hotuba, hakuruka neno. Alipomaliza nikadhani imefanya kazi. Ndipo mzee mmoja akasema, "Maskini, kijana wa watu ametishwa." Mwingine akasema hapana, ameandikishwa na serikali, sikilizeni lugha hiyo, hakuna mtoto anayeandika vile. Kukazuka mjadala juu ya nani amekulazimisha. Samahani, Sadallah. Ulisema kweli vizuri mno.

Nikasimama nikasema mimi ndiye niliyeweka Mbau. Zaida akaniambia, "Kaa, mwanangu. Unamtetea baba yako, hata mimi ningefanya hivyo." Alikuwa na mtoto mapajani, macho ya mtoto yamefumba nusu.

Baba alikuwa amesimama muda wote mlangoni petu, amejifunga shuka mchana ule wa joto. Nadhani hapo ndipo alipojua kila kitu, kuhusu mimi na wewe. Hakunitazama. Alikuja katikati ya uani na mkoba wake, akauweka chini. Akasema, "Basi nitafutieni dhambi yangu humo ndani. Nimechoka."

Bibi Somoe akainuka. Unajua jinsi anavyoinuka, hapana, hujui, hujawahi kumwona: anainuka kama mtu anayekwenda kumpiga mbuzi. Akasema, "Mimi sitafuti kitu mkobani. Wewe umetutoboa vidole wote hapa. Leo mimi nitakutoboa wewe."

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi. Baba hakucheka. Alifungua kisindano kipya, akafuta kidole chake, akampa mkono. "Hapa pembeni, bibi. Pembeni hakuumi sana."

"Usinifundishe," akasema. "Nimeshona miaka yote hii." Akatoboa. Vijana waliopiga bati walisogea mpaka wakakanyaga jamvi. Tone likatoka. Bibi Somoe akaushika mkono wa baba akauzungusha ili kila mtu aone. "Haya. Nyekundu. Nani alitaka nyeusi?"

Pale ndipo baba, kwa mazoea tu, maana hawezi kuona tone la damu likipotea bure, akachukua kipimo akaliweka. Akatia dawa yake. Na kwa kuwa wote wamezoea kusubiri, wakasubiri. Hakuna aliyeondoka. Zaida alisogea akachungulia. Mstari wa kwanza ukaja. Tukakaa. Mstari wa pili ukaja, mwembamba, kisha ukakolea.

"Ana malaria!" Zaida akapiga kelele. "Enfermeiro ana malaria!"

Alikuwa anatetemeka wiki nzima mbele yetu, Sadallah. Mimi nilisema ni hasira, mama alisema ni mvua, yeye alisema ni uchovu. Anapima kijiji kizima, na hakuna aliyewahi kumpima yeye. Akajaribu kucheka, akajaribu kuinama achukue mkoba, akayumba. Walewale vijana wa vijiti ndio waliomshika wakamwingiza ndani.

Zaida hakuondoka uani. Alikuwa anakiangalia kile kipimo jamvini. Kisha akaniambia, "Nipe hicho kisindano. Kipya. Nitamtoboa mwenyewe." Nikampa. Alimtoboa mwanawe huku analia yeye, si mtoto. Tulipeleka kipimo ndani, baba akakisoma akiwa amelala ubavu. Mistari miwili. Akatuambia vidonge vingapi na vinywewe vipi, akarudia, akamlazimisha Zaida naye arudie. Mtoto alitapika dozi ya kwanza, akapewa nyingine, ikakaa.

Ijumaa wazee watatu walikuja kama walivyoahidi. Walimkuta Bibi Somoe amekaa mlangoni petu na bakuli la uji. Wakamwuliza Cassamo yuko wapi. Akasema, "Amelala, ana homa. Mlitaka nini?" Wakatazamana. Mmoja akasema walikuja kwa lile jambo. Bibi akasema, "Mgonjwa hafukuzwi hapa. Tangu lini? Rudini akipona."

Wakasema poleni. Mmoja alirudi jioni na papai.

Hatujui itakuwaje. Wapo ambao bado hawapiti mbele ya nyumba yetu, na juzi mtu aliniuliza tena kuhusu Mbau, nikamjibu kwa ukali mpaka nikaona haya. Mwana wa Zaida jana alikula ugali na akampiga dada yake, kwa hiyo amepona.

Kwako nina maneno mawili. La kwanza, usitunge tena kitu kilicho na kitu chetu ndani bila kuniambia. La pili, sikuwa nikikujibu kwa sababu ya katuni, mjinga wewe. Andika lolote. Andika ulichokula.

Baba homa ilimwacha tangu Jumapili. Anataka kutoka, anasema barazani kuna kazi. Watoto wameanza kuletwa, ila wanaletwa ndani, kitandani kwake, mama zao wakitoboa wenyewe na yeye akisoma mistari. Kila akijaribu kukaa, Bibi Somoe anamwekea mkono begani na kumrudisha chini.

"Bibi, nimepona."

"Lala, Cassamo," anamwambia, na anatazama mlangoni kwanza. "Bado unaumwa."

Na baba, asiyewahi kumsikiliza mtu, analala.

Haula